Mtu Aliyemjibu Hana Hodi

Kule Kataki, mtaa wa Kalemie, mtu akifariki, habari yake siku hizi hutembea kwa miguu. Mmoja hutumwa Lubuye, mwingine huazima baiskeli kwenda upande wa reli, na mara nyingi ndugu wa marehemu hufika wakati kaburi limekwisha kufunikwa. Zamani haikuwa hivyo. Zamani Papa Pontien alikaa nyuma ya nyumba yake, akaweka mondo kati ya miguu, ile ngoma ya gogo lililochimbwa tumbo, isiyo na ngozi, akaipiga kwa fimbo mbili zilizofungwa mpira vichwani. Kabla bukari, yaani ugali, haujaiva, watu wa ng'ambo ya mto Lukuga walikuwa wanajua nani amekufa, ni mwana wa nani, na atazikwa lini.

Mondo huo ulinyamaza mwaka 1977. Haukupasuka, wala haukuibwa. Mwenyewe aliacha. Ulikaa miaka kadhaa chini ya paa la nyuma ukiliwa na mchwa upande mmoja, mpaka jirani, Mama Victorine, alipouomba kwa ajili ya kunyweshea bata wake. Pontien akaubeba mwenyewe hadi uani kwake. Watu waliendelea kumfuata siku za msiba. "Papa Pontien, utusaidie. Baba alikuwa muntu wa kwaya, hawezi kuondoka kimya-kimya kama mwizi." Alijibu kwa adabu kwamba mikono inamuuma. Walioambiwa hivyo walikuwa wamemwona asubuhi ileile bandarini, gunia la unga mabegani.

Alizaliwa kaskazini, mbele ya Kabimba, mahali ambapo mlima unashuka mpaka ziwani na kijiji kinabaki na nafasi ya nyumba mbili tatu kwa upana. Baba yake, Théophile, alikuwa katekista. Kanisa lao la udongo halikuwa na kengele, kwa hiyo Théophile aliwaita watu kwenye sala kwa mondo, na mwanawe alijifunza kazi hiyo kama wengine wanavyojifunza kuvuta nyavu. Kiholoholo, lugha ya kwao, kina sauti za juu na za chini. Mondo nao una midomo miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Aliyezoea haupigi tu, anausemesha.

Kila mtu mzima wa kijiji alikuwa na jina lake la ngoma. Halikuwa jina la ubatizo wala la ukoo, bali kipande cha maneno ambacho kilikuwa chake peke yake, na ambacho hakuna mwingine angethubutu kukipiga kana kwamba ni chake. Ujumbe ulianza kwa jina la anayeitwa na kumalizika kwa jina la anayeita. Juu ya hayo kulikuwa na sheria moja ambayo Théophile aliirudia kuliko Amri za Mungu: ukimsikia mtu anajitaja, mjibu. Huna habari ya kumpa? Mpigie mapigo mawili tu, ajue amesikika. Kumwacha mtu ajitaje mara tatu bila kumjibu ni kumwambia kwamba kwenu amekwisha kufa.

Pontien alishuka Kalemie akiwa kijana, akapata kazi ya kubeba mizigo bandarini, akamwoa Marceline. Mwaka 1972 serikali ilipokataza majina ya ubatizo, karani alilifuta jina la Pontien kwenye kitambulisho chake na kuandika Kalumba, jina la babu yake. Wenzake walinung'unika njia nzima ya kurudi nyumbani. Yeye alisema tu, "Lile la ngoma hawakulifikia."

Mamuzele Christiane, kama walivyomwita mzungu asiyeolewa, alifika kiangazi cha 1973. Alikuwa mtafiti kutoka chuo kikuu cha kwao Ubelgiji, mwanamke wa miaka thelathini mwenye miwani mizito na Kiswahili alichojifunza kitabuni. Aliwaomba mapadri wamtafutie mtu anayeijua milima ya kaskazini na ambaye hanywi pombe. Hawakumpata asiyekunywa, wakampa Pontien.

Ndani ya mtumbwi wa mota alimweleza kazi yenyewe. Alitaka kujua binadamu walianzaje kusema. Mifupa ya watu wa kale inachimbuliwa, alisema, lakini mfupa hauna sauti. Kwa hiyo anakwenda kwa walio hai, walio karibu nasi kwa damu, awasikilize jinsi wanavyoitana.

"Ni sokomutu hao unaowasema?" Pontien aliuliza.

"Ndiyo. Sokomutu."

"Umetoka Ulaya kuja kuwasikiliza sokomutu. Na kwenu hakuna watu wa kusikiliza?"

Mamuzele alicheka mpaka mwenye mtumbwi akapunguza mota akidhani kuna hatari.

Kazi ilikuwa ya kuchosha kwa namna ambayo mtu wa bandarini hakuizoea. Hakukuwa na mizigo mikubwa. Kulikuwa na kungoja. Waliamka gizani, wakapanda hadi chini ya miti ambamo sokomutu walikuwa wamejenga matandiko yao ya majani, wakakaa bila kukohoa. Pontien alibeba betri za mashini ya kunasia sauti kwapani, ndani ya shati, kwa sababu baridi ya mlima ilizidhoofisha. Mamuzele alinasa vilio: cha woga, cha matunda, cha mama aliyemkosa mtoto. Kila kilio aliandika saa yake, mahali pake, na nani alikuwa karibu na nani. Madume walipomaliza kupiga kelele na kuanza kupiga ile mizizi mipana ya miti, inayosimama kama mbao, kwa mikono na miguu, yeye alizima mashini kuokoa utepe.

Pontien alivumilia majuma matatu.

"Mamuzele, samahani. Unazima wakati anaanza kusema."

"Nani anasema? Anapiga mti tu, kuonyesha nguvu."

"Kupiga mti njo kusema kwenyewe. Ule njo Hana Hodi."

"Umemwona?"

"Sijamuona. Amejitaja."

Hana Hodi lilikuwa jina alilompa dume mmoja mzee mwenye kidole cha mguu kilichopinda. Alipiga mapigo mawili mazito, tena mawili, akanyamaza kwa muda wa kumeza mate, kisha moja la unyayo, kubwa, kama mtu aingiaye nyumbani bila kubisha. Wengine walipiga kwa namna nyingine, kila mmoja na yake. Mamuzele aliandika jambo hilo daftarini. Kuanzia siku ile hakuzima mashini.

Mwaka uliofuata alirudi, akamjaribu. Alikuwa ameandaa vipande arobaini vya mapigo, vya madume aliokuwa amewaona kwa macho wakipiga, akavichanganya. Alimweka Pontien ndani ya hema, yeye akakaa nje asimwone uso, na kuvichezesha kimoja kimoja. Pontien alitaja jina kwa kila kipande. Alikosea vitatu.

Mamuzele aliingia hemani akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Papa Pontien," alisema, "kama hii ni kweli, ni jambo kubwa. Mnyama anayesema: mimi ni mimi, niko hapa. Bila mdomo. Wataalamu hawatakubali upesi. Ninahitaji kiangazi kingine kizima. Kisha nitaandika, na jina lako litakaa karibu na langu."

"Jina gani?"

"Lile unalolitaka wewe."

Kuhusu jina lake hakujali sana, alisema baadaye, na ninamwamini. Alichotaka ni kwamba lile la Hana Hodi liandikwe. Alikuwa amekulia kati ya watu waliojitaja na kujibiwa, na mondo ulikuwa ukifa kijiji baada ya kijiji. Watoto wake mwenyewe walisikia kelele tu. Na huku juu, mahali ambapo hakuna aliyetazamia, kulikuwa na kiumbe aliyejitaja kila asubuhi. Alitaka jambo hilo likae kwenye kitabu ambamo hakuna karani angeweza kulifuta.

Mamuzele alimpa sharti moja. "Usiwajibu kamwe. Nakujua, mkono wako unawasha. Ukijibu hata siku moja, hakuna atakayejua lipi ni la kwao na lipi wamejifunza kwako. Kazi yote itakwisha."

"Nimesikia, Mamuzele."

Kiangazi cha 1975 Mamuzele alishikwa na malaria, akapelekwa kwa masista mjini kwa siku tisa. Pontien alibaki kambini peke yake na maagizo ya kunasa kila asubuhi. Kundi lilikuwa limevuka mgongo wa mlima kufuata matunda. Hana Hodi, kwa sababu ya ule mguu wake, alibaki nyuma. Asubuhi ya kwanza alipiga. Hakuna aliyemjibu. Akangoja, akapiga tena, akapiga mara ya tatu. Asubuhi ya pili ilikuwa vilevile, ila alipiga mara tano. Pontien alikaa na mashini mapajani akiangalia utepe unavyozunguka. Alitoka nje ya hema, akarudi. Alisali salamu Maria.

Asubuhi ya tatu aliacha mashini kambini, akaenda kwenye mti mkubwa ulio karibu na kijito, akaokota kipande cha mti mgumu, akapiga mzizi mara mbili. Nimesikia.

Msitu wote ulitulia. Kisha Hana Hodi alipiga jina lake, mawili, mawili, kimya, moja la unyayo. Na baada yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, aliongeza mapigo mawili.

Kwa siku zilizobaki wawili hao walisemezana hivyo kila asubuhi. Pontien hakujiona kama mtu anayevunja neno lake. Aliona kwamba kumwacha mzee aite mlima mzima bila jibu lingekuwa kosa kubwa zaidi, na kwamba mtu aliyezaliwa nyumba ya Théophile hana njia nyingine. Ni Mamuzele aliporudi, mwembamba, ngozi ya manjano, akawasha mashini, na mzee kule juu akapiga jina lake pamoja na mapigo mawili ya nyongeza, ndipo Pontien alipoelewa amefanya nini.

"Sikia!" Mamuzele alimshika mkono. "Ameongeza! Mwaka jana hakuwa na mwisho huu. Papa Pontien, ameongeza neno!"

Alifurahi kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. Pontien alisema, "Ndiyo, Mamuzele, minasikia." Alijiambia atamweleza jioni. Jioni alijiambia atamweleza siku ya kuvunja kambi. Siku ya kuvunja kambi mvua ilinyesha, turubai zikalowa, na Mamuzele alikuwa na homa tena. Aliondoka na kanda zote ndani ya sanduku la bati, akalikalia mtumbwini njia nzima.

Baada ya hapo utafiti haukuwa na fedha tena, wala Mamuzele hakurudi. Pontien alirudi kwenye magunia. Lakini kila Noeli, alipokwenda kijijini kumsalimu mama yake, alipanda mlima asubuhi moja au mbili, akapiga mapigo mawili kwenye mzizi wa kijitoni. Hana Hodi alijibu. Safari nyingine alishuka karibu, akakaa mbali kidogo akijikuna, kama mgeni asiye na haraka.

Jumapili moja ya mvua za 1977, Firmin, kaka yake Marceline, alifika Kataki. Alikuwa mwindaji wa milima ileile ya kaskazini, mwenye bunduki ya kuunda mwenyewe, mcheshi, mkarimu. Hakuingia nyumba ya dada yake mikono mitupu. Siku hiyo alileta chumvi, mafuta na kitambaa.

"Shemeji," alisema akiwa bado anavua viatu, "rafiki yako ana adabu kukupita wewe. Nilimupigia mbili tu, akakuja mwenyewe."

"Nani?"

"Yule muzee wa mulima. Ule unayemupigiaka kila Noeli. Unafikiri hatukusikiaka? Kijiji kizima kinasikia. Wanasema shemeji yake Firmin ameoa bibi wa pili, ana manyoya."

Marceline alicheka. Kisha akaona uso wa mume wake, akaacha.

"Umemupiga risasi?" Pontien aliuliza.

"Ulitaka nimupige makofi? Sisi hatumukuli, najua, anafanana na muntu. Nyama ilishapanda treni. Kule migodini wanakula." Firmin alinyoosha mkono kuchukua maji, akanywa, akaongeza kwa moyo mweupe kabisa, "Njo wewe ulinionyesha, shemeji. Sikupoteza hata siku moja."

Hapakuwa na ugomvi. Watu wa mtaa waliosimulia jambo hili baadaye walitamani ugomvi, wakauongeza. Pontien alikula chakula pamoja na shemeji yake, akamsindikiza hadi barabarani. Siku ya Alhamisi alifariki mzee Germain, fundi wa zamani wa reli, na wanawe wakaja usiku haujaingia kumwomba Pontien apige. Alikaa mbele ya mondo, akainua fimbo. Ilimbidi kuanza na jina la marehemu. Wale vijana walisubiri wakiwa wamesimama, kofia mikononi. Akaziweka fimbo chini taratibu, moja upande huu, moja upande ule, akasema mikono inamuuma.

Barua ya Mamuzele ilikuja mwaka uliofuata, imeletwa na padri, kwa maana posta ilikuwa karibu kufa. Alikuwa anakaribia kusimama mbele ya maprofesa wake kuitetea kazi yake. Sehemu kubwa ya kitabu, aliandika, ni habari ya mapigo, na moyo wa sehemu hiyo ni Hana Hodi na neno lake lililoongezeka. Profesa mmoja ameuliza kama mtu yeyote kambini aliwahi kuwajibu wanyama. Amesema hapana, ameapa. Lakini profesa anataka maandishi ya msaidizi mwenyewe. *Andika tu mstari mmoja, Papa Pontien, kwamba hakuna aliyejibu, utie sahihi.*

Alikaa na barua ile siku kumi na moja. Aliificha ndani ya misale, kitabu chake cha sala, akaitoa, akaificha tena.

"Andika hapana," Marceline alimwambia. "Ni neno moja. Nani atafunga safari kutoka Ulaya kuja kuuliza miti?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nikiandika hapana, kitabu kinapita, na Hana Hodi anabaki mule. Nikiandika ndiyo, yote inakufa. Hata vile vipande arobaini, vya mbele, wakati sijajibu."

"Basi andika hapana, baba Adolphine. Umeitaka miaka ngapi?"

Aliketi kitandani akiwa na shati la kazi bado, vumbi la unga kwenye nyusi. "Kama hakuna aliyejibu," alisema, "nani alimuita siku ile? Alikuja kwa mapigo mawili. Mapigo yale hayakuwa ya Firmin. Ni yangu."

Marceline alimwambia avue shati, maji ya kuoga yanapoa.

Kesho yake, kabla ya kwenda bandarini, Pontien aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za shule ya misheni, pana na zilizolala:

*Nilijibu. Mara ya kwanza ni Julai 1975, asubuhi, siku ulipokuwa mgonjwa mjini. Mapigo mawili. Alikuwa amebaki peke yake na kwetu haifai kumwacha muntu hivyo. Yale mawili ya mwisho aliyapata kwangu. Kanda za 1974 ni safi, wakati ule nilikuwa bado sijajibu. Hana Hodi amekufa kwa sababu ya jibu langu. Unisamehe.*

Alitia sahihi majina yote matatu: Pontien, Kalumba, na chini yake mistari mifupi na mirefu, jinsi jina lake la ngoma linavyopigwa.

Jibu lilichukua miezi kumi na minne. Maprofesa, Mamuzele aliandika, waliiondoa sehemu yote ya mapigo, pamoja na ile ya 1974, kwa sababu aliyetambua majina ni mtu yuleyule aliyewajibu, na hawakuona namna ya kumtenganisha na kazi. Alibaki na vilio, akashinda kwa vilio. Kuhusu mapigo kuna mstari mmoja chini ya ukurasa, unaosema kwamba hayakuchunguzwa. Hakumlaumu. Mwishoni aliandika kwamba sasa anafundisha shule ya sekondari, watoto wana kelele, na anachoka sana.

Pontien alimsomea Marceline barua hiyo, akiitafsiri polepole kutoka Kifaransa.

"Amekasirika?" Marceline aliuliza.

"Hapana. Amechoka."

"Na wewe?"

Aliikunja barua, akaitafutia mahali, hakupaona, akaiacha juu ya meza.

Miaka iliyofuata mashua zilipungua bandarini, mishahara ikachelewa miezi, kisha ikaacha kuja. Mama yake alipofariki kule kaskazini, alikwenda kwa mashua, akazika, akalala siku mbili. Asubuhi zote mbili alikaa ndani, mlango umefungwa, mpaka jua lilipokuwa juu. Hakwenda tena. Firmin aliendelea kuja Kataki na chumvi na vitambaa, na Pontien aliendelea kumsindikiza hadi barabarani.

Aliondoka Kalemie mwaka 1985 pamoja na Marceline. Wanaishi Kiambi, kwa binti yao Adolphine, kando ya mto Luvua, na wanalima mihogo.